Asiye na Hamu si Asiye na Maslahi

Lugha ya Kiingereza ina maneno mawili ambayo watu wengi, na Waingereza wenyewe wakiwamo, huyatumia kama pacha, hali si pacha. La kwanza ni "uninterested" na la pili ni "disinterested". Yote mawili yamekanushwa kwa kipande kidogo cha neno kilichotiwa mbele, na yote mawili yameshika shina moja, nalo ni "interest". Lakini la kwanza ni la mtu anayepiga miayo, jambo lenyewe halimo moyoni mwake. La pili ni la mtu ambaye katika jambo hilo hana anachopata wala anachopoteza. Mkono wake haumo. Hakimu wako akiwa wa namna ya pili, mshukuru Mungu. Akiwa wa namna ya kwanza, kesi yako imekwenda na maji.

Mtu ataniuliza, hayo ya Waingereza yatuhusu nini sisi? Yatuhusu sana, kwani makaratasi mengi tunayotiwa mbele ili tutie sahihi katika nchi hii huandikwa kwanza kwa Kiingereza, ndipo yakafasiriwa, na mfasiri akiteleza ni sisi tuangukao. Miaka kadhaa iliyopita ilipita mikononi mwangu barua ya ofisi moja, ambayo sitaitaja, iliyowaita wazee wa mtaa waje kushuhudia mpaka wa kiwanja cha mjane mmoja. Asili ya barua ilitaka watu ambao ni "disinterested". Mfasiri, labda kwa haraka, labda kwa kukosa wa kumwuliza, akaandika kwamba wanatakiwa "wazee wasiojali".

Basi barua ilisomwa barazani baada ya alasiri. Mzee mmoja, mtu wa makamo ya baba yangu, akanigeukia akasema, "Mwanangu, kiwanja kile nakijua tangu kina minazi mitatu. Nitakwenda kusimama mbele ya serikali niseme sikijali?" Wenziwe wakaafiki. Wakakaa kitako na kahawa yao. Siku ya siku, aliyetokea kushuhudia ni kijana mmoja aliyekuwa akipita njia na mwingine aliyekuwa shemeji wa mdai. Tazama sasa: wale wasiokuwa na maslahi yoyote, waliojua kila jiwe la mpaka, barua yenyewe imewafukuza, na yule mwenye maslahi imempokea. Kigingi kilisogea hatua nne. Mjane aliambiwa kwamba mashahidi walikuwapo.

Tuyatazame maneno yenyewe. Kipande "un-" ni cha Kiingereza cha asili, cha wakulima na wavuvi wao wa kale. "Dis-" kilitoka katika Kilatini na kikafika Uingereza kwa njia ya Kifaransa, katika midomo ya mahakimu na makarani. Mara nyingi kazi yao haiachani mbali, lakini pale inapoachana, huachana kwa namna ambayo Mswahili aifahamu vyema. Mtu aliye "unarmed" hana silaha, pengine hajapata kushika silaha maishani mwake. Mtu aliye "disarmed" alikuwa nayo akapokonywa. Ukiwakuta wote wawili njiani mikono yao ni mitupu sawasawa, lakini huwezi kulala usingizi mmoja karibu nao.

Kwetu sisi tofauti hii haikai mbele ya neno, hukaa nyuma. Tuna kukanusha kwa "ha-" na "si-", na tuna kutengua kwa mwisho wa kitenzi: funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua, kunja na kunjua, vaa na vua. Nikisema "hakufunga mlango" na nikisema "alifungua mlango", mlango katika habari zote mbili u wazi. Lakini mwizi akiingia, swali la kwanza litakuwa ni lipi kati ya hayo mawili lililotokea. Kukosa kitu ni jambo moja, na kukitengua kitu kilichokuwapo ni jambo jingine, na lugha yetu imelijua hilo kabla hajafika kwetu mtu wa kutufundisha sarufi.

Utata mkubwa, hata hivyo, haumo katika vipande hivyo vya mbele. Umo katika shina. "Interest" ni neno moja la Kiingereza linalobeba mizigo mitatu ambayo sisi huibeba kwa maneno matatu mbalimbali, na yote matatu tuliyapata kwa Waarabu. Kuna riba, ile ziada ya mkopo ambayo benki huiandika kwa herufi ndogo. Kuna maslahi, yaani faida au haki ya mtu iliyomo ndani ya jambo. Na kuna hamu, ule mvuto wa moyo kutaka kujua au kupata. Mswahili hawezi kuyachanganya haya hata akiwa na homa. Hakuna aliyepata kwenda benki akaulizwa hamu yake ni asilimia ngapi.

Na kila neno katika haya lina nasaba yake. Riba katika Kiarabu ni kule kukua na kuzidi, na sote tuliokaa chini ya mwalimu chuoni twajua hukumu yake. Hamu kwa Waarabu ni dhiki ya moyo, shughuli ya nafsi. Ndiyo maana washairi wetu wa kale hawakuitenga na ghamu, na aliyesema ana hamu hakuwa mbali na aliyesema ana majonzi. Ama maslahi, hili ndilo lililonifurahisha zaidi nilipolikalia kitako. Shina lake ni lile lile la suluhu. Msuluhishi na mwenye maslahi, kwa herufi za Kiarabu, ni watoto wa nyumba moja, sadi na lamu na ha. Kutengeneza kati ya watu, na kile kinachomtengenekea mtu, vimetoka chungu kimoja. Labda wenye lugha waliona mapema kwamba msuluhishi na maslahi hawawezi kukaa mbali sana, na kwamba hapo ndipo penye hatari.

Kiingereza nacho kilianzia mahali pa karibu na hapo. Kwa Kilatini, "interesse" ni kuwa baina, kuwa katikati ya mambo. Katika karne za kati wanasheria wa Ulaya walilitumia neno hilo kwa fidia aliyodai mkopeshaji aliyecheleweshewa fedha zake, wakalipambanua na riba waliyokatazwa na kanisa. Miaka ikapita, na fidia na riba zikawa kitu kimoja, na jina lililobaki ni lile la heshima. Nadhani hata kwetu wako wafanyabiashara ambao wangependa kulijua jina la heshima namna hiyo.

Maana ya hamu ilikuja mwisho. Na hapa ndipo kisa cha maneno yetu mawili kinapopata utamu, kwa sababu yalianza yakiwa yamekalia viti visivyo vyao. Kamusi kubwa ya Oxford, ambayo huzipanga maana za neno kwa tarehe za kuonekana kwake, yaonyesha kwamba katika karne ya 17 "uninterested" lilikuwa ndilo la mtu asiye na maslahi. Na "disinterested" lilitumiwa na John Donne, mshairi na mhubiri wa London aliyefariki mwaka 1631, kwa maana ya mtu asiyejishughulisha na jambo. Yaani kinyume cha wanavyofundishwa watoto wa shule leo! Yakabadilishana viti katika karne ya 18, wakati "interest" lilipozidi kuingia katika mambo ya moyo. Leo yameanza kuchanganyika tena. Kijana wa Kiingereza akisema kwamba darasani alikuwa "disinterested", ana maana kwamba alichoka. Na kamusi, ambazo kazi yake ni kuandika watu wanavyosema, zimeiandika maana hiyo pia.

Wako wataalamu wasemao tuache, lugha ni ya wasemaji, na neno lililokwisha kuzunguka mara moja laweza kuzunguka tena. Mimi sipingani nao katika historia. Nawauliza tu: maana ikihama, aliyekuwa mpangaji katika neno hilo amehamia wapi? Kwani "impartial", ambalo wengi hulitoa kama badala yake, halilingani nalo. Kutopendelea ni hali ya moyo. Kutokuwa na maslahi ni hali ya mahali uliposimama. Mtu anaweza kuwa na maslahi makubwa katika jambo na bado akahukumu kwa haki, na mwingine asiwe na maslahi ya senti moja na akampendelea mtu kwa sababu tu ya sura yake.

Waingereza walilijua hilo, na mahakama yao ililiweka wazi mwaka 1852. Bwana mmoja aitwaye Dimes alikuwa akishindana na kampuni ya mfereji wa Grand Junction, mfereji wa kupitishia mashua za mizigo. Shauri lilifika kwa Lord Cottenham, mkuu wa mahakimu wa Uingereza, naye akathibitisha amri iliyoipa kampuni ushindi. Baadaye ikajulikana kwamba Cottenham alikuwa na hisa katika kampuni ile ile, za maelfu ya pauni. Baraza la Malordi likaivunja hukumu yake. Na la kuzingatia ni hili: hakuna katika wale mahakimu aliyesema kwamba Cottenham alipendelea. Walisema wazi kuwa hawamshuku hata chembe. Mwenyewe alikuwa amekwisha fariki mwaka 1851, hakuwapo hata wa kumwaibisha. Walichokivunja ni mahali aliposimama alipokuwa akihukumu.

Mwaka 1998 jambo likarudi, safari hii bila fedha. Jenerali Augusto Pinochet, aliyetawala Chile, alikuwa amekamatwa London, na mahakimu watano wa Baraza la Malordi wakaamua tarehe 25 Novemba, watatu kwa wawili, kwamba hana kinga. Shirika la Amnesty International lilikuwa limeruhusiwa kuingia katika kesi kutoa hoja dhidi yake. Ikatokea kwamba mmoja wa wale watatu, Lord Hoffmann, alikuwa mwenyekiti wa jumuiya ya hisani iliyo chini ya shirika hilo. Hakuwa akilipwa, na hakuwa na hisa. Mwezi wa Disemba uamuzi ule ukafutwa, wakakaa mahakimu wengine wakasikiliza upya, na mwezi wa Machi 1999 wakafikia tena kwamba jenerali aweza kupelekwa mahakamani Uhispania, ingawa kwa mashtaka machache zaidi. Wengi walilalamika kwamba hayo yote yalikuwa mzunguko wa bure, maana njia ilirudi pale pale. Siafikiani nao. Mahakama iliongeza juu ya fungu la maslahi kitu ambacho hakikuwamo mwaka 1852: kwamba mtu aweza kuwa na maslahi katika jambo pasi na kuwa na senti ndani yake, ikiwa ameifanya haja ya upande mmoja kuwa haja yake.

Kwetu hili si geni. Kuna kisa kinachosimuliwa tangu zamani, na kila mwalimu wa chuo humsimulia mwanafunzi wake kwa namna yake, cha Sayyidna Ali na deraya. Deraya yake ilipotea akaiona kwa mtu asiyekuwa Mwislamu. Wengine husema Myahudi, wengine Mnasara. Ali alikuwa ndiye khalifa, lakini hakumnyang'anya, alimpeleka kwa kadhi Shuraih. Kadhi akataka mashahidi. Ali akamleta mwanawe Hasan. Shuraih akasema ushahidi wa mtoto kwa baba yake haukubaliki, akampa yule mtu deraya. Hakusema kwamba Hasan ni mwongo, nani angethubutu? Alisema mtoto ana maslahi katika ushindi wa baba. Ukitaka kujua ilikuwaje kwa wasomi wa Kufa kutenganisha moyo wa mtu na mahali aliposimama, basi jawabu liko hapo.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo imekanyaga njia hiyo. Kifungu cha 50 kinampa kila mtu haki ya kusikilizwa na mahakama huru isiyopendelea. Kifungu cha 73 kinamtaka kiongozi atumikie kwa ajili ya maslahi ya umma peke yake, na ayatangaze maslahi yake binafsi yanayoweza kupingana na kazi yake. Mwaka 2025 ikapitishwa sheria nzima juu ya mgongano wa maslahi. Na kifungu cha 159 kinahimiza upatanisho, usuluhishi na njia za kimila za kumaliza magomvi, maana yake ni kwamba wazee wa baraza, wale waliokataa kwenda kushuhudia kwa kuitwa wasiojali, wana nafasi yao kikatiba. Ila sharti waitwe kwa jina lao.

Jina gani? Hapa ndipo penye kazi, wenzangu waandishi na wafasiri. "Asiyejali" halifai kabisa, tumeliona lilivyofanya. "Mwadilifu" ni zuri lakini lasifu moyo, halisemi mahali. "Asiyependelea" nalo ni la moyo. Wengine huandika "asiyehusika", na hili lina balaa yake, kwani msuluhishi tangu hapo amekwisha kuhusika, ndiyo kazi yake. "Asiye na maslahi" lapita bila ya kigugumizi, na mimi ndilo ninalolitumia katika habari za mahakamani, mradi nikiongeza "katika shauri hilo", kwani binadamu asiye na maslahi popote bado hajazaliwa.

Lakini nikirudi kwenye ule mwisho wa vitenzi vyetu, naona tunalo neno la karibu zaidi. Waingereza wa karne ya 17 walikuwa nalo "disinterest" kama kitenzi, kumtoa mtu katika maslahi, kumwambua nayo. Sisi twasema mtu amejivua wadhifa, amejivua uanachama. Kwa nini tusiseme hakimu amejivua maslahi? Hapo tunapata yote: kwamba maslahi yalikuwapo au yangeweza kuwapo, na kwamba mtu mwenyewe ameyaondoa kama avuavyo viatu mlangoni pa msikiti. Na asiyeweza kuyavua, kwa mfano yule ambaye mdai ni shemejiye, hana budi kujiondoa yeye mwenyewe. Maslahi ya udugu hayana vifungo.

Mambo haya yamenijia mara nyingi katika fani yangu mwenyewe. Waandaaji wa mashindano ya mashairi huwatafuta waamuzi, na hudhani kwamba akipatikana mtu asiyemjua mshindani yeyote wamekwisha kufaulu. Niliwahi kukaa jukwaani kati ya waamuzi wawili. Wa kulia hakumjua mtu wala hakutaka kumjua. Shairi la tatu lilipoanza kughaniwa kilemba chake kilikuwa kifuani. Wa kushoto alihesabu kila mizani kwa kidole juu ya goti, kina kikivunjika alikunja uso, lakini mmoja wa washindani alikuwa mtoto wa dada yake. Walipoleta alama, aliyelala aliwapa wote sawasawa. Yule mjomba alimpa mpwawe alama za chini kuliko zote, ili pasisemwe neno. Mtoto hakustahiki ushindi, lakini hakustahiki mkia vilevile. Watu wakamsifu mjomba kwa uadilifu. Mimi niliona kwamba maslahi ni kama mkondo wa bahari: huweza kukupeleka kaskazini, na huweza kukupeleka kusini kwa kuuogopa.

Nani basi wa kumweka pale? Mwenye hamu kubwa asiye na maslahi. Mtu wa kwanza mwenye sifa hizi mbili kwa pamoja, Kiingereza cha leo kinataka kumnyima jina, kwani ukisema "disinterested" nusu ya wasikilizaji watamwona amelala.

Na hata wale wakubwa wa lugha hiyo hawakumwona siku zote. Mwalimu Julius Nyerere alipofasiri tamthilia ya Shakespeare na kuiita "Mabepari wa Venisi", iliyotoka mwaka 1969, alitupa mbele yetu kesi ambayo "interest" zote tatu zimo. Riba imo, maana Shylock ni mkopeshaji na Antonio amemtukana kwa ajili ya riba yake. Safari hii hakutaka riba, alitaka ratili ya nyama. Hamu imo, ya Bassanio kwa binti tajiri. Na maslahi, subhanallah! Mwanasheria kijana anayeingia mahakamani na kuhukumu, akamwokoa Antonio kwa hoja ya tone la damu, ni Portia aliyevaa nguo za kiume. Mkopo ulikopwa ili Bassanio aende akamchumbie Portia huyo huyo. Mdaiwa ni rafiki wa mumewe, na ndoa yenyewe ina siku chache. Lord Cottenham alianguka kwa hisa za mfereji. Huyu ameolewa ndani ya kesi.

Watazamaji hupiga makofi, nami nimepiga. Uhodari wake haupingiki, na Shylock hakuwa mtu wa kulilia. Lakini laiti Bwana Dimes angekuwapo Venisi siku ile angeinua mkono. Kesi ilipokwisha Bassanio alimtolea hakimu yule dukati elfu tatu za shukrani. Hakimu akakataa fedha. Akasema pete itatosha.